Mzee wa Sehemu ya Sita

Kamitaki, Akita
19 Mei

Mwanangu Shuhei,

Marahaba. Naitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana tukisubiri shikamoo yako tutafika majira mengine ya theluji.

Huku theluji imekwisha kwenye paa na njiani, imebaki kidogo tu mashimoni nyuma ya hekalu. Miti ya cheri imechanua na kupukutika. Mimi sikuiona. Nilipita chini yake nikienda kununua miso ya supu, nikarudi, ndipo Bi Kudo jirani akaniuliza, "Umeyaona maua?" Nikamwambia, "Maua gani?" Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyoganda. Paka amezaa chini ya ghala. Goti langu ni lile lile.

Wiki iliyopita wazima moto wa kijiji na wawindaji wawili walipanda tena mlimani kumtafuta baba yako. Walianza pale lilipokutwa gari lake Oktoba, alipokwenda kuchuma uyoga, wakaenda hadi kwenye maporomoko. Hawakuona kitu. Si kapu, si kofia. Waliniinamia wakasema hawatapanda tena. Nikawapa chai, wakanywa, wakaenda zao.

Sasa mtawa wa hekalu ananiuliza kuhusu Bon ya Agosti. Wafu wakirudi majumbani, sisi tutundike taa nyeupe au tusitundike? Wewe unajua, taa nyeupe ni ya nyumba yenye mfu mpya, mwaka wake wa kwanza tu, ili asipotee njia. Tukiitundika tumeshasema. Tusipoitundika, na kumbe, basi ndugu yangu atazunguka huko nje akitafuta mlango wake. Mimi ni dada mtu tu, nilikwenda kuolewa nikafiwa nikarudi. Kauli ni ya mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume ni wewe peke yako. Simu hupokei. Barua haina kitufe cha kukatia.

Jioni bado namwekea chakula mahali pake, kama anavyowekewa mtu aliye safarini asilale njaa. Wazee walisema kifuniko cha bakuli la supu kikitoa jasho kwa ndani, mtu huyo yuko hai. Kinatoa kila siku. Supu ni ya moto, kisitoe kwa nini?

La pili. Sisikii kitu, Shuhei. Juzi nilijikata kidole nikaendelea kukata figili hadi figili ikawa nyekundu, ndipo nikajua. Daktari anasema ni huzuni. Mimi nasema huzuni ningeijua, tumeshakutana. Hii ni ganzi. Wewe huko Tokyo kazi yako ni kuchora katuni za mazimwi na kuwatia watu hofu. Basi nichagulie, lakini fupi fupi, ambazo hazitamaliza chai yangu. Nataka nione kama bado naweza kushtuka. Tableti ya baba yako ipo, haina mtu.

Shangazi yako,
Fumiyo


Tokyo
22 Juni

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Mvua za Juni hazijakatika wiki nzima, nguo zangu zinakaukia chumbani na chumba kinanuka kama mbwa. Mimi mzima. Nakula. Studio tuko wanane na kazi ni ya watu ishirini, msimamizi wetu, Bwana Nagase, analala chini ya meza yake. Paka amezaa wangapi?

Umeomba katuni fupi za mazimwi, na hapo umegusa penyewe. Fupi ndizo nzuri. Zile ndefu mwishowe huanza kueleza, mara zimwi lilikuwa binti aliyeonewa, mara lilikuwa mti uliokatwa, na ukishaambiwa hivyo unalionea huruma, hofu imekwisha. Zimwi zuri haliulizwi kwao wapi. Linakuja, linafanya lake, na dakika nne zinaisha ukiwa bado umeshika kikombe.

Anza na "Mpangaji wa Darini". Familia inahamia nyumba ya zamani. Kila asubuhi mlangoni kuna jozi moja ya viatu zaidi ya watu waliomo. Ni hivyo tu. Hakuna anayepiga kelele, na zimwi lenyewe huonyeshwi hata ukucha. Angalia jinsi mama anavyovipanga viatu vile vya ziada pamoja na vya watoto wake, bila kusema neno.

Kisha "Bwawa la Shule". Wanafunzi wanasafisha bwawa la kuogelea baada ya baridi, wanasugua majani yaliyooza. Mmoja anagundua kwamba kuna mtu anasugua pia, kwa upande wa chini ya sakafu, na wanakutana kwenye doa moja. Hiyo isikilize zaidi kuliko kuitazama. Hofu inaingilia masikioni.

Ya tatu ni "Shingo ya Muuza Tofu". Imetengenezwa kwa vikaragosi vya karatasi vinavyosukumwa kwa vijiti, kama zile hadithi walizokuwa wakisimulia wauza pipi barabarani ulipokuwa mdogo. Muuza tofu anapuliza tarumbeta yake jioni, na kila anapopuliza shingo inarefuka kidogo. Wateja wake hawaoni ajabu. Utacheka, halafu utaacha.

Tazama mchana, ukiwa peke yako, sauti juu.

Lile la mtawa nimelisoma. Kazi imetubana kidogo.

Mwanao,
Shuhei


Kamitaki
30 Juni

Mwanangu Shuhei,

Marahaba. Paka amezaa wanne, mmoja kafa. Mpunga umeshika. Bi Kudo ametengeneza meno mapya, sasa hacheki tena, anasema yanamtoka.

Nimezitazama zote tatu, mchana, sauti juu, mpaka Bi Kudo akaja kuuliza kama nina wageni.

Ile ya viatu, kilichonisumbua ni matope. Viatu vya matope mlangoni na mama anavipanga hivi hivi, hata kuvipangusa hapangusi! Lile zimwi la bwawani nimelipenda, ndilo pekee humo linalofanya kazi bila kusukumwa. Ya muuza tofu ilinitia hamu ya tofu. Nilifurahi, nikasema haya, hamu imerudi. Nikaenda kununua, nikaiweka kwenye friji, nikaikuta siku ya nne imechacha. Nilisahau kuila.

Hata unywele haukunisimama. Si kosa lako. Zimechorwa vizuri.

Sasa niseme langu. Umeniandikia kurasa tatu za mazimwi na mstari mmoja wa baba yako, na katika mstari huo hata hayumo. Kazi imewabana, sawa. Lakini watu wa hapa wananiuliza mimi. Nyumba yenye mfu mpya huletewa ubani na matunda na majirani, nao wanataka kujua wanunue au wasinunue. Bi Kudo ananizunguka, "Mwaka huu mtakuwa na wageni wengi au kawaida?" Namwambia kawaida, halafu namwambia sijui. Wawindaji wananifariji, eti baba yako Kiyoharu aliujua mlima ule na mlima ulimjua, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mbona basi halikutubakizia hata kofia?

Sikulazimishi kusema hivi wala vile. Sema tu. Ukisema tusitundike, sitatundika, nitaendelea na supu yangu.

Na uniletee nyingine za kutisha. Za mlima, kama zipo.

Fumiyo


Tokyo
13 Julai

Shikamoo Shangazi.

Joto limeanza. Mwenye nyumba wangu, yule mzee wa kasuku, amelazwa lakini anaendelea vizuri, kasuku nimeachiwa mimi. Anaiga mlio wa simu. Ndiyo maana siku hizi sijui ikilia kweli.

Umeomba za mlima. Upo mfululizo wa studio yetu, "Waitwao Mlimani", sehemu nane za dakika tatu tatu. Zimwi lake ni sauti tu. Linaita watu kwa sauti ya ndugu zao, na kila sehemu ni mtu mwingine anayeitwa. Ya kwanza ni ya mkata magogo, nzuri sana, rangi zote zimefifishwa isipokuwa nyekundu ya mkanda wake. Ya tatu ni ya msichana wa posta. Anaitwa na marehemu bibi yake na anajibu kwa adabu zote, "Nakuja, malizia chai yako," halafu haendi. Anaishi vizuri. Watu wengi hawakuipenda kwa sababu hakuna kinachotokea, mimi naona ndiyo inayotisha kuliko zote. Ya nane ina makosa ya sauti lakini mwisho wake hutausahau.

Ya sita iruke. Haikutoka vizuri.

Kuhusu taa, Shangazi, mtu anaweza kupotea akarudi. Nimesoma habari za mtu wa Hokkaido aliyerudi baada ya majira mawili. Nipe muda.

Shuhei


Kamitaki
20 Julai

Shuhei,

Marahaba. Hujambo na kasuku wako. Matango yamezaa mpaka nawagawia wapita njia. Mtawa amesema mwisho ni tarehe kumi Agosti, baada ya hapo ratiba yake ya kuzunguka majumbani imefungwa.

Mtu akiniambia "hii iruke", unadhani nitafanya nini? Nilianza na ya sita.

Mkwe mtu anasikia sauti inamwita kutoka kwenye msitu. Kabla hajatoka kuna ile sehemu ya ndani, watu watano wamekaa kuuzunguka moto, wamevaa kimono chepesi cha pamba, wanakunywa chai. Hawana la kufanya pale, ni watu wa kujaza picha. Wa tano, pembeni, ni mzee. Ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, na mkono huo hauna kidole cha pete. Anaipuliza chai kabla ya kunywa, mara tatu, na kope zake za chini zimelegea.

Nilisimamisha hapo. Mimi nilikuwepo kiwandani siku msumeno ulipokichukua kile kidole, nilikifunga kwa kitambaa cha kichwani mwangu. Huna haja ya kuniambia mzee yule ni nani.

Lakini si hilo ninalouliza. Wale wenzake wote wanne wamefunga kimono upande wa kushoto juu, kama sote tunavyofunga. Mzee peke yake amefungwa upande wa kulia juu. Ulipokuwa mdogo ulifunga hivyo siku ya sherehe ya kiangazi nikakuchapa mkono mbele ya watu, unakumbuka? Nikakwambia hivyo huvishwa maiti. Uliogopa ukakataa kuvaa kimono mwaka mzima.

Nauliza tu. Ni kosa?

Fumiyo


Tokyo
26 Julai

Shangazi, shikamoo.

Ndiyo, ni kosa. Hata watazamaji wametuandikia wakilalamika, na Bwana Nagase amekasirika. Msaidizi mmoja aliigeuza picha ya mzee, kama kwenye kioo, ili atazame upande wa mlango. Picha ikigeuzwa, kimono nacho kinageuka. Hutokea kwenye studio nyingi. Tunairekebisha.

Ndiyo maana nilikwambia uiruke.

Huku joto halisemeki. Nitaandika vizuri kazi ikipungua. Kama bado unataka za kutisha, jaribu "Mshumaa wa Jirani", dakika tano.

Shuhei


Kamitaki
30 Julai

Mwanangu,

Barua yako ilifika leo asubuhi na nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Picha ikigeuzwa kama kwenye kioo, mkono wa kushoto unakuwa wa kulia. Sivyo? Basi kidole kingekosekana kwenye mkono wa kulia. Nimerudi nikatazama. Kinakosekana kushoto, pale pale kilipokosekana miaka yote. Kwa hiyo kimono kiligeuka peke yake, mkono ukagoma? Acha kunifanya mtoto, Shuhei, mimi ndiye niliyekuogesha.

Sijakasirika. Ningefurahi kama ningekasirika. Nilipoona ule ukosi nilingoja moyo unipige, nikaweka hata mkono kifuani. Ulikuwa unakwenda taratibu, tuk, tuk, kama wa mtu anayesubiri basi.

Nami nikwambie, usije ukadhani nakusukuma wewe tu ubebe mzigo. Nimejaribu kulisema lile neno. Nilimwambia paka, hapo ghalani, hakuna mtu. "Kiyoharu ame..." Likaishia hapo, nikamwita paka paka paka kama niliyekuja kumlisha. Mimi siwezi. Wewe ndiye mwenye nyumba sasa, au si wewe bado, nayo ni lazima mtu aseme.

Tarehe kumi, mwanangu.

Fumiyo


Tokyo
5 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Sina habari za hali ya hewa.

Hakuna msaidizi. Mzee yule nilimchora mimi Februari. Niliambiwa nijaze watu watano kuuzunguka moto, nikawajaza, na wa tano akatoka Baba. Sikupanga. Nilimwacha kwa sababu nilipenda kumwona anakunywa chai. Ule ukosi sikuuona. Naapa sikuuona, wala Bwana Nagase, wala mtu yeyote hapa, mpaka ilipotoka.

Malalamiko yalipokuja nilirudishiwa nirekebishe. Nikafuta kifua chote, nikachora upya, nikapeleka. Bwana Nagase akaniita. "Bwana mdogo, unanitania? Mbona ni ile ile?" Nikatazama, ni kweli. Upande wa kulia juu. Wenzake wanne nimewavisha sawasawa, nimemkosea yeye tu. Nikafuta tena, safari hii nikachora pole pole nikijisemea kimoyomoyo, kushoto juu, kushoto juu. Kalamu ilipofika kwenye shingo yake nikaona inakwenda kule kule, nikaiweka chini.

Nimemwomba Bwana Nagase ampe mtu mwingine. Amefanya dakika kumi, imekwisha. Sasa ukitazama utamkuta amevaa kama sisi. Usitazame.

Nilikuwa natumaini, Shangazi. Kila siku nilijiambia natumaini. Kumbe mkono ulikuwa umeshamzika tangu Februari, mdomo ndio haukutaka kwenda mazishini.

Basi nasema mimi. Baba amekufa. Kiyoharu, ndugu yako, amefia mlimani. Mwambie mtawa. Taa nyeupe itundikwe, na nitaitundika mwenyewe, usithubutu kupanda ngazi na goti hilo. Nitafika tarehe kumi na mbili kwa treni ya mchana.

Nimeandika maneno hayo nikasubiri nione nitasikia nini. Nilisikia njaa kidogo. Nikala mkate, kasuku akaiga simu, nikaipokea.

Mwanao,
Shuhei


Kamitaki
25 Agosti

Mwanangu Shuhei,

Marahaba, na shukrani kwa picha ulizotuma. Nimezeeka kuliko nilivyodhani. Bi Kudo anauliza kama umepata mchumba, nimemwambia anaye kasuku.

Taa uliitundika upande, lakini sikusema mbele ya watu. Tulipokea majirani vizuri. Uliwainamia kila mmoja kama inavyotakiwa, na mtawa alikusifia sauti yako. Nami nilikutazama siku zile nne nikijiuliza tutalia lini, wewe au mimi. Hatukulia. Ulipopanda treni ulinipungia mkono, nikakupungia, nikaenda kununua unga wa tambi za soba.

Majirani wanasema tumejikaza. Wacha waseme.

Jumanne jioni nilijaza maji hodhi la kuogea. Tangu Oktoba sijawahi kulijaza, nilikuwa najimwagia maji kwa ndoo na kutoka, sikujua kwa nini, nilidhani ni uvivu. Wajua desturi ya nyumbani. Mwenye nyumba hutangulia, na sisi wengine tunafuata kwenye maji yale yale. Alitangulia baba yetu, kule nilikoolewa akatangulia mume wangu, niliporudi akatangulia Kiyoharu. Akitoka alikuwa akiita kutoka ukumbini, "Dada, bado ya moto!"

Maji yalikuwa safi, yametulia, hayana hata unywele. Nilisimama pale na taulo mkononi nikisubiri zamu yangu. Nilisubiri kweli, Shuhei. Nilisubiri mpaka miguu ikaanza kuniuma ndipo nikafahamu kwamba hakuna anayekuja, zamu ni yangu. Nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyepotezwa sokoni, hadi Bi Kudo akaja mbio bila meno yake. Nikamwambia, "Ndugu yangu amekufa." Akasema anajua. Nikamwambia tena.

Maji yakapoa. Bi Kudo akayapasha upya, akanisaidia kuvua nguo, nikaingia wa kwanza.

Shangazi yako,
Fumiyo